Usinunue unga Darajani ukaupime: kwa kijana anayetafuta dawa ya saratani ya tezi dume

Simama hapo hapo, mdogo wangu. Umeandika kwamba kuna bwana wa soko la Darajani, Unguja, kakuahidi viroba vya unga wa miti ya Pemba "inayotibu tezi dume", nawe utaupeleka maabara ukaupime kwenye seli za saratani. Unauliza utumie kiyeyusho gani, uanze na seli zipi, na ufadhili upo wapi. Kiyeyusho kiache kwanza. Unga hauna jani, hauna ua, hauna mama wala baba!

Mie unga kama huo nilinunua. Niliambiwa ni mjafari. Muuzaji aliapa kwa Mungu mmoja, nikalipa bila hata kupatana bei. Tukauloweka kwenye ethanoli, tukachuja, tukakausha, tukatia kwenye PC-3, seli za saratani ya tezi dume zinazokuzwa maabara: zikafa zote. Msimamizi wangu, yule yule aliyenambia "jina la kienyeji latosha, la kisayansi tutalitafuta kitabuni", akakimbilia kutengeneza bango la mkutano, jina lake juu kabisa. Unga ukaisha. Nikarudi kwa muuzaji, nikachukua mwengine, jina lile lile, kiapo kile kile. Safari hii seli zikastarehe na kuzaana kama tumezitilia uji.

Sasa mti wa kwanza ulikuwa upi? Mjafari wa kweli, jamii ya Zanthoxylum, gome lake lina vifundo vyenye miiba, ukilikwangua ndani ni manjano, ukitafuna kidogo ulimi unaingia ganzi. Ukishasagwa, vifundo vimekwenda, na manjano hata binzari inayo. Halafu jamii hiyo ina alkaloidi, yaani kemikali kali za mimea, kama nitidini na kelerithrini, ambazo zamani zinajulikana kuua seli, kwa hiyo hata ungekuwa mjafari halisi, huenda tulikuwa tunashangilia kilichokwishagunduliwa na wengine. Sura nzima ya tasnifu ikafutwa. Fedha za seli na kemikali zikaenda na maji. Msimamizi akanambia, "Ungekuwa makini zaidi." Yeye! Na bango kalitundika ofisini kwake.

Basi shika hili: usisage hata jani moja kabla hujawa na tawi lenye ua au tunda, umelibana baina ya magazeti, limekauka, lina namba, na namba hiyo hiyo imo ndani ya mfuko wa sampuli. Iandike kwa penseli, wino ukiguswa na spiriti unayeyuka. Nenda mwenyewe na mganga mpaka shinani, kama ni msitu wa Ngezi basi Ngezi. Muulize anauitaje, kisha muulize na mwengine, maana mti ule ule Wete utakuwa na jina hili na Mkoani jina jengine. Andika shehia, tarehe, na ulichochukua: gome, mzizi au jani. Nakala moja ya tawi ipeleke hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vibali na makubaliano na mganga vitangulie yote hayo.

Mtaalamu wa mimea wa Marekani, Arthur Barclay, alipochukua magome ya Taxus brevifolia jimboni Washington mwaka 1962, sampuli ilikuwa na rekodi, ndiyo maana wenzake waliweza kuurudia mti huo. Humo ikatoka paklitakseli, dawa ya saratani, muundo wake ukachapishwa 1971. Nduguye dosetakseli, inayoanzia kwenye majani ya Taxus baccata, iliidhinishwa Marekani 2004 kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa na isiyosikia tena tiba ya homoni. Hebu fikiri kama Barclay naye angenunua unga sokoni.

Seli: PC-3 zilitoka kwenye mfupa wa mgonjwa na hazitegemei homoni za kiume; LNCaP, nazo za saratani ya tezi dume, zinazitegemea. Pima kwenye zote mbili, na seli zisizo na saratani pembeni, kwa sababu jiki nayo inaua PC-3 na hatujamnywesha mtu. Na mzee akikwambia dawa yake "inafungua mkojo", mara nyingi anazungumzia uvimbe wa kawaida wa tezi, si saratani.

Ufadhili watakujibu wengine, mie fedha nilizopewa umeshaona zilikokwenda. Mpigie bwana wa Darajani leo, mwambie viroba abaki navyo. Akikasirika, muombe akakuoneshe mti.