Dalili na vipimo vya uvimbe ndani ya ventrikali za ubongo

Umeuliza kama CT skani (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa eksirei) pekee inamtosha mtu anayeumwa kichwa na kutapika kila asubuhi. Inatosha kwa kuanzia, si kwa kumalizia. Uvimbe ulio ndani ya ventrikali, yaani vyumba 4 vya ubongo vyenye majimaji, unaweza kukua kimyakimya kwa muda mrefu, na mara nyingi dalili huanza pale unapoziba njia ya majimaji hayo, ambayo mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban mililita 500 kwa siku, hivyo shinikizo likapanda ndani ya fuvu. Ndipo huja maumivu ya kichwa yanayozidi mgonjwa akilala, kutapika, kuona ukungu na kuyumba. Kwa mtoto mchanga, kichwa hukua kupita kiasi.

CT skani huonyesha haraka ventrikali zilizotanuka, damu na chembe za kalisiamu. Hata hivyo, MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) yenye dawa ya gadolini, inayodungwa ili uvimbe uonekane wazi, ndiyo inayoonyesha vizuri uvimbe umeota wapi, na mahali hapo, pamoja na umri wa mgonjwa, ni dokezo kubwa: ependimoma ya watoto, aina mojawapo ya uvimbe huu, hupatikana sana katika ventrikali ya 4, ilhali neurositoma, aina nyingine, huonekana zaidi kwa vijana, katika ventrikali za pembeni. Ependimoma ikishukiwa, uti wa mgongo nao hupigwa MRI, kwa kuwa seli zake huweza kusafiri na majimaji. Aina kamili huthibitishwa maabara.

Mgonjwa anayeanza kusinzia isivyo kawaida apelekwe hospitali saa hiyohiyo.