Je, watu wataikubali sindano moja ya mafua na UVIKO-19?

Ndugu yangu, umeuliza kama watu walioichoka chanjo ya UVIKO-19 watakubali kuchomwa sindano moja iliyounganisha chanjo hiyo na ile ya homa ya mafua. Kwa maoni yangu, wengi wanaochanjwa mafua kila mwaka wataikubali, kwa kuwa inawapunguzia safari na foleni; lakini asiyeiamini mojawapo anaweza kuikataa sindano nzima, akaikosa hata ile aliyokuwa akiipokea bila wasiwasi, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa hiyo chanjo zinazotolewa peke yake zisiondolewe.

Hofu kwamba mwili utaelemewa si ngeni, ila haina msingi: chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro imeunganishwa tangu miaka ya 1940, na ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela tangu 1971. Kampuni ya dawa ya Moderna ilipoijaribu chanjo yake ya pamoja kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, kinga ilijengeka vizuri, ingawa maumivu ya mkono, uchovu na kuumwa kichwa vilijitokeza kwa wengi. Mhudumu ayaeleze haya waziwazi kabla mtu hajakunja mkono wa shati, kwa sababu anayeamka kesho yake mkono ukiwa mzito na mwili ukimuuma, naye hakuambiwa mapema, hujiona amedanganywa, na msimu unaofuata ni vigumu kumpata tena.