Jasusi Asiyejua Kwamba Amekosea

SWALI: Mhariri, wakati wa Pasaka tulikusanyika nyumbani kwetu Kondele, watoto wakaomba tuwawekee filamu ya Johnny English. Sote tulicheka mpaka pale jasusi huyo anapoingia makaburini na kuwavuruga watu wanaomzika mpendwa wao. Shangazi yangu, aliyekuwa ametoka Kakamega asubuhi hiyo, alikaza leso kiunoni, akainuka, akaenda jikoni bila kusema neno na hakurudi tena. Je, filamu hiyo haiwadhihaki wafiwa? Na je, wenye James Bond hawaoni kwamba wameibiwa?
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada, nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ni fupi. Hakuna aliyeibiwa. Neal Purvis na Robert Wade, wawili kati ya waandishi watatu wa filamu hiyo iliyotoka mwaka wa 2003, ndio walioshiriki kuandika filamu za James Bond za mwaka wa 1999 na 2002, na Rowan Atkinson, anayeigiza Johnny English, aliwahi kupewa nafasi ndogo katika filamu ya mwaka wa 1983 ambamo Sean Connery alikuwa Bond. Wanaomtania Bond ni watu waliokula naye chungu kimoja, na ndiyo sababu utani wao unalenga shabaha.

Tangu Ian Fleming alipochapisha kitabu chake cha kwanza cha Bond mwaka wa 1953, tumezoeshwa jasusi Mwingereza aliyevaa suti safi, anayeendesha gari la fahari na asiyebabaika hata kifo kikiwa mlangoni. Filamu uliyoitazama imeacha suti, gari na muziki vilevile, ikaondoa jambo moja tu, yaani uwezo wa kazi. Jasusi bora wa Uingereza anakufa kwa sababu aliamini taarifa zilizothibitishwa na English. Majasusi waliobaki wanalipuliwa katika mazishi ambayo ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa English huyohuyo. Naye anapewa kazi ya kulinda vito vya ufalme kwa kuwa hakuna mwingine aliyesalia. Katika yote hayo uso wake hauonyeshi hata chembe ya shaka. Atkinson angekonyeza jicho mara moja tu, kana kwamba anatuambia kuwa anatania, kicheko chote kingemwagika.

Sasa turudi makaburini. Ninamwelewa shangazi yako, kwa kuwa huku kwetu magharibi watu hukesha matangani, na mtu aliyekosa adabu mbele ya kaburi hukumbukwa kwa miaka mingi. Lakini tazama jinsi tukio lenyewe lilivyopangwa. English amelifuata gari la maiti lisilo lenyewe, akiamini kwamba jeneza limebeba vito vilivyoibwa na kwamba wanaolia ni wezi wanaoigiza. Wafiwa hawakupewa hata sentensi moja ya kipuuzi: wamesimama kwa heshima, wamevaa nguo za maombolezo, na huzuni yao ni ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho. Fedheha yote inamwangukia mtu mmoja, yule aliyejiamini kiasi cha kushindwa kutofautisha kilio cha kweli na cha uongo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo tukio kali kuliko yote katika filamu hiyo, kali hata kuliko lile anaporuka kwa mwavuli usiku na kutua juu ya hospitali badala ya jengo la adui. Kule hospitalini tunacheka bila wasiwasi. Makaburini tunacheka huku tukimwonea mtu aibu mpaka tunataka kufumba macho.

Ikiwa shangazi atakubali kuketi tena sebuleni, mwombe amtazame Bough, msaidizi wa English. Bough ndiye anayefahamu kwanza kwamba mazishi ni ya kweli, na papo hapo anajifanya mhudumu aliyekuja kumchukua mgonjwa wa akili aliyetoroka hospitalini, kisha anamwondoa bosi wake polepole ili wafiwa waendelee kumzika mtu wao.