Wageni wanakuja mara mbili halafu wanapotea: yaliyonipata mimi Kisumu

Ndugu umeuliza mbona wageni kanisani kwenu wanapigiwa makofi vizuri, wanapewa chai, halafu baada ya Jumapili mbili hawaonekani tena, na ukatoa mfano wa yule dada aliyekuja na mtoto mgonjwa. Mimi nimekuwa huyo dada, kwa hivyo wacha niseme yangu.

2016 nilitoka Nakuru kwenda kazi Kisumu, nikapanga nyumba Manyatta, simjui mtu na Kijaluo hata salamu ilikuwa inanishinda. Kanisa nililoingia wageni walikuwa wanasimamishwa, unapewa maiki unataja jina na kanisa ulikotoka, watu wanakuimbia wamekunyooshea mikono, basi imeisha. Nikaimbiwa. Jumapili iliyofuata nikarudi na hakuna aliyenikumbuka, mahubiri yalikuwa Kiswahili lakini matangazo yote Kijaluo, watu wanacheka mimi naangalia tu, na ikaendelea hivyo karibu wiki sita mpaka nikawa nishaamua nitakuwa naomba kwa nyumba yangu tu.

Aliyenishika mkono hakuwa pasta wala mtu wa kamati. Jumapili moja baada ya ibada ya kwanza nikapitia Kibuye, na mnajua Jumapili ndio lile soko linajaa kabisa, mama mmoja ananipimia omena, akasimama gorogoro mkononi akaniangalia, "Si wewe hukaa pale dirishani na hiyo sweta ya kijani?" Kumbe naye huwahi ibada ya saa moja ndio akimbilie biashara. Akanifungia omena kwa gazeti, akaongeza konzi mbili juu, akaniuliza naishi upande gani, akasema, "Alhamisi ushirika wa nyumbani uko ploti ya pili kutoka kwangu, nitakupitia." Na akanipitia kweli, saa moja jioni, amewasha tochi ya simu. Mle ndani walianza na Kijaluo, yeye ananinong'onezea maana, mpaka mzee mmoja akawaambia jameni tuongee Kiswahili, kuna mtoto wetu hapa hasikii. Hiyo "mtoto wetu" nililia nikifika nyumbani. Nikakaa kanisa hilo miaka minne.

Saa hii nimerudi Nakuru, niko kamati ya wageni kanisani kwetu, na kitu nilichopigania ni kwamba mgeni apewe mtu mmoja, sio kanisa zima. Kama ni wa mtaa wa Free Area apewe mtu wa Free Area, huyo ndiye anakaa naye benchi moja, anampigia simu Jumanne au Jumatano, anampeleka ushirika. Wakatoliki wametupita sana hapa, maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua tangu miaka ya 1970 kanisa lijengwe kwa jumuiya ndogondogo, ndio maana Mkatoliki akihamia mtaa anaulizia tu jumuiya inakutana kwa nani. Kusimamisha wageni tuliacha, anayetaka kujitambulisha anainua mkono.

Halafu kuna pesa, hii naomba mnisikie. Tulikuwa na kijana wa Kaptembwo, fundi wa kuchomelea, wiki yake ya pili tu mtu akamwongeza kwa grupu ya WhatsApp ya harambee ya mabati, akaamka asubuhi akakuta jina lake limeandikwa 1,000 na hajaahidi chochote. Akapotea. Nilimfuata na mzee mmoja wa kanisa, tukamkuta anachomelea geti, hakuinua macho, akasema "Mama, ile elfu sina." Iliniuma. Yakobo sura ya pili inatukataza kumkalisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na maskini kumwambia asimame kule, na huyu sisi hata pa kusimama hatukumwachia. Tulimwomba msamaha palepale, na tangu siku hiyo mgeni haingii orodha yoyote ya mchango miezi sita ya kwanza. Alirudi baada ya mwezi hivi, lakini kilichomfanya akae ni siku viti vya kwaya vilivunjika miguu na badala ya kutafuta fundi nje tukamwita yeye.

Sasa huyo dada wako, si namba yake mliandika kwa kadi? Mpigie leo, usingoje Jumapili, na usianze na mbona hukuja. Muulize mtoto anaendeleaje.