Chembe nyekundu za damu zinaishije bila mitokondria?

Umeuliza swali zuri sana: kama mitokondria ndizo zinazotengeneza nishati ya seli, chembe nyekundu za damu zisizo nazo zinaishije?

Zinaishi kwa glukosi tu, bila kutumia oksijeni hata kidogo. Ndani ya ute wa seli, vimeng'enya huivunja glukosi moja hatua kwa hatua hadi kupata molekuli mbili ndogo zaidi ziitwazo pairuveti, na faida yake ni ATP 2, yaani molekuli mbili zinazobeba nishati ya seli. Seli yenye mitokondria ingeendelea kuichoma pairuveti hiyo kwa oksijeni na kupata ATP zipatazo 30. Chembe nyekundu huigeuza kuwa lakteti na kuiachia kwenye damu. Ini huichukua na kuitengeneza upya kuwa glukosi. Mzunguko huu ulielezwa na Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

ATP 2 ni kidogo, ila kwa chembe hii zinatosha. Haigawanyiki wala haitengenezi protini. Kazi kubwa ya nishati yake ni kuendesha pampu za sodiamu na potasiamu kwenye utando, ili isijae maji ikapasuka. Hivyo hudumu siku 120 hivi.

Na mimi naona kuna uzuri mkubwa hapa: oksijeni inayobebwa inafika salama, mbebaji hagusi mzigo!

Ila hili la kukosa mitokondria ni la mamalia. Chembe nyekundu za kuku, kwa mfano, zina kiini na mitokondria pia.