Korosho za London kupitia Rotterdam
Dada, unauliza kama nyaraka za korosho zako zilizobanguliwa, zikishuka Rotterdam, zitamtosha mnunuzi Mholanzi kupeleka nusu London. Hazitamtosha. Tangu Januari 1, 2021 Uingereza ina mpaka wake wa forodha. Mkataba wake na Umoja wa Ulaya unafuta ushuru kwa bidhaa zenye asili ya kwao tu, na korosho ya Newala haigeuki ya Kiholanzi kwa kupita bandarini.

Gawa mzigo hapo hapo Mtwara: ankara mbili, kila moja na tamko lake la asili ya Tanzania. Maboksi ya London yakipitia Uholanzi, yabaki chini ya ulinzi wa forodha, yasifunguliwe. Na nani atamlipa wakala wa forodha Uingereza? Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla kontena halijapakiwa, tafadhali sana. Mzigo ukikwama kule, gharama za bandari zitakula faida yako.