Maswali ya Wasomaji: Usaili wa Kazi ya Uhudumu wa Ndege

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 23, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Nimeitwa kwenye usaili wa wahudumu wa ndege wa shirika moja la Ghuba, utakaofanyika Dar es Salaam baada ya wiki tatu. Mwaka jana nilijaribu bahati yangu katika shirika jingine nikakwama hatua ya mwisho. Waliniuliza ni lini nilimhudumia mteja mgumu, nami nikajibu kwamba mimi ni mvumilivu, ninapenda watu, na kwamba mteja ni mfalme. Walinishukuru, na sikuitwa tena. Safari hii nimekariri majibu arobaini niliyoyapata mtandaoni. Nina urefu wa sentimita 161, na kipimo cha kunyoosha mkono kinanitia wasiwasi. Aidha, kuna bwana anayejiita wakala, anayesema kwamba nikimpa shilingi 600,000 atanishikia nafasi. Uniwie radhi kwa mwandiko. Niko zamu ya usiku, na ndio kwanza nimemaliza kumshughulikia mgeni mmoja mzee aliyefika akinifokea kwa sababu sanduku lake lenye insulini limebaki uwanja wa ndege, hadi tulipompata daktari wa zamu na dereva wetu akaenda kuleta dawa nyingine saa saba usiku. Nifanye nini nisikwame tena?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na huyo bwana, kwa kuwa hilo halihitaji maneno mengi. Usimpe hata senti. Emirates na Qatar Airways zote zimetangaza wazi kwamba hazimtozi mwombaji ada yoyote katika hatua yoyote ya ajira, na mtu aliyeitwa rasmi, kama ulivyoitwa wewe, hana nafasi ya kushikiwa na yeyote. Ukitaka kumhakiki wakala, Tanzania kuna Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na wasomaji wetu wa Kenya wanayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo huweka orodha ya mawakala wenye leseni. Fedha hizo zitakufaa kwa nauli ya kwenda Dar es Salaam na kulala usiku mmoja karibu na mahali pa usaili, maana kufika ukiwa umechoka na basi la usiku ni kujinyima alama bila sababu.

Kuhusu kimo, Emirates inataka urefu usiopungua sentimita 160, kwa hiyo hapo umevuka. Kipimo kinachowatoa watu wengi ni kile cha mkono: utavua viatu, utachuchumia, na ncha za vidole vyako zitapaswa kugusa alama iliyowekwa ukutani sentimita 212 kutoka sakafuni. Qatar Airways nayo hutumia alama hiyo hiyo. Jipime nyumbani leo. Utepe wa fundi cherehani huishia sentimita 150, basi weka alama ya penseli hapo, ongeza sentimita 62, kisha simama pekupeku uunyooshe mkono mmoja, bila kuruka. Ukipungukiwa na sentimita moja au mbili, jizoeze kila asubuhi kulegeza bega na kulipandisha pamoja na mkono, kwa sababu wengi hunyoosha kiwiko tu na kuliacha bega chini. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya urembo, kama wengi wanavyodhani. Katika makabati ya juu ya viti huhifadhiwa baadhi ya vifaa vya dharura, kama vile chupa za oksijeni, vizima moto na vipaza sauti vya mkononi, na mhudumu asiyeweza kuvifikia akiwa peke yake hawezi kumsaidia abiria anayekosa pumzi.

Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwani hapo ndipo palipo kiini cha usaili wote. Niliifanya kazi hii kwa miaka 14, na katika minne ya mwisho nilikaa upande wa pili wa meza, nikisaili. Vijana wengi walikuja wakiamini kwamba tunatafuta sura nzuri na tabasamu lisilokatika. Tabasamu lina nafasi yake, na sare lazima ikae vizuri, lakini swali tulilojiuliza kuhusu kila mtu aliyeingia mlangoni lilikuwa hili: moshi ukijaa ndani ya ndege, abiria watamsikiliza huyu? Ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba watu wote waliomo wanaweza kutoka katika sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watu watano wa ndege ile ndogo walifariki, lakini wote 379 waliokuwa katika ndege kubwa walitoka hai. Mitambo ya kutangazia ilikuwa imekufa, na milango iliyofaa kutumika ilikuwa mitatu tu kati ya minane. Wahudumu tisa waliangalia nje kwanza kuona moto uko wapi, wakachagua milango, wakapaza sauti, na watu wakawatii. Anayekusaili anajaribu kuona dalili za mtu wa namna hiyo, ingawa anachokuuliza kinahusu hoteli na wageni.

Ndiyo maana usaili huanza kabla hujaketi. Unaanzia kwenye foleni ya asubuhi, unaposalimiana na usiowajua, na mara nyingi kuna afisa anayepita hapo akiangalia bila kuandika chochote. Baada ya hapo huja zoezi la kundi, ambalo huwaponza hata wenye Kiingereza cha kuvutia. Mtawekwa watu sita au wanane kuzunguka meza na kupewa tatizo, kwa mfano: hoteli imejaa, vyumba vilivyobaki ni vitano, na wageni wanaosubiri ni saba, miongoni mwao mama mwenye mtoto mchanga, rubani anayehitaji kulala, na maharusi. Mtapewa dakika kumi mwamue nani apate chumba. Hakuna jibu sahihi, na waliokuwekea zoezi hilo wanalijua hilo. Nakumbuka kundi moja ambamo kijana mmoja alinyakua kalamu mara tu saa ilipoanza, akaongea vizuri sana, akaandika orodha yote kwa mawazo yake. Pembeni yake alikaa binti aliyeongea mara tatu tu. Mara ya kwanza aliuliza kama mama mwenye mtoto angekubali chumba cha ghorofa ya juu kisicho na lifti; mara ya pili alisema zimebaki dakika mbili; mara ya tatu alimgeukia mwenzao aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akamwambia, "Kaka, wewe umewahi kufanya kazi hotelini, ungefanyaje?" Alikuwa ameyashika maelezo ambayo yule kaka aliyatoa wakati wa kujitambulisha, saa moja kabla. Tulimpitisha yeye, na mwenye kalamu tukamrudisha nyumbani. Iliniuma kumrudisha, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa bidii. Alijiandaa kushindana na watu aliopaswa kufanya nao kazi.

Sasa tuje kwenye swali lililokukwamisha. Jibu lako la mwaka jana halikuwa la uongo, ila halikuwa na mtu ndani yake. Kila mwombaji ni mvumilivu na kila mwombaji anapenda watu. Msaili anayesikia hayo mara hamsini kwa siku hana cha kuandika kwenye karatasi yake. Hayo majibu arobaini uliyokariri yatakurudisha pale pale, na ninakuomba uyaache leo hii. Hadithi unayoihitaji umeiandika mwenyewe katika barua hii, ukaiombea radhi! Mzee amefika usiku, anafoka, dawa yake haipo. Isimulie hiyo, kwa mpangilio. Mwambie msaili kwanza hali ilivyokuwa, kwa sentensi moja au mbili. Kisha mwambie uligundua nini nyuma ya hasira yake, kwa maana umeandika kwamba alikufokea kuhusu sanduku, lakini wewe ulielewa kwamba tatizo ni insulini, na huko kuelewa ndiko kunakomtofautisha mhudumu na mpokea malalamiko. Baada ya hapo eleza ulichofanya hatua kwa hatua: ulimpigia nani, ulimwambia nini mzee wakati wa kusubiri, ulimtuma nani. Mwisho sema iliishaje, na kama kuna ulichojifunza au ambacho ungekifanya mapema zaidi, kiseme. Dakika mbili zinatosha. Usitaje jina la mgeni wala chumba chake, kwani kuficha siri ya mteja nako kunapimwa.

Andaa visa vitatu vya namna hiyo, vyote vya kweli: kimoja cha mteja, kimoja cha kutoelewana na mfanyakazi mwenzako, na kimoja cha kosa ulilolifanya wewe na namna ulivyolirekebisha. Hicho cha tatu watu hukikwepa, wakasema hawajawahi kukosea, na msaili huacha kuwaamini hapo hapo. Ukiulizwa kwa nini unaitaka kazi hii, usiishie kwenye kupenda kusafiri. Abiria naye anapenda kusafiri.

Usaili utafanyika kwa Kiingereza. Usiigize lafudhi ya watu wengine. Ongea taratibu, na usipoelewa swali omba lirudiwe, jambo ambalo kwenye ndege ni wajibu. Kiswahili chako kitaje kwa kujiamini, kwa kuwa mashirika hayo huruka kuja Dar es Salaam na Nairobi, na bibi anayepanda ndege kwa mara ya kwanza akiambiwa kwa lugha yake namna ya kufunga mkanda, hutulia. Wala usihuzunike kwamba hujasomea uhudumu wa ndege chuoni. Mashirika makubwa ya Ghuba humfundisha kila anayeajiriwa kuanzia mwanzo, awe amesomea au hakusomea.

SWALI: Shangazi, mimi ni kijana wa kiume, miaka 25, nipo Mombasa. Kazi yangu ni kuwaelekeza abiria wa miguu wanapopanda na kushuka kwenye kivuko. Rafiki zangu wananicheka wakisema uhudumu wa ndege ni kazi ya wanawake, na kwamba kazi yangu ya sasa haitahesabiwa kuwa uzoefu wa kuwahudumia wateja. Je, nijaribu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Jaribu, mwanangu, na uwaambie rafiki zako kwamba mhudumu wa kwanza wa usafiri wa anga anayejulikana alikuwa mwanamume. Ni Mjerumani Heinrich Kubis, aliyeanza mwaka 1912 kuwahudumia abiria kwenye meli za anga za Zeppelin, yaani vyombo vikubwa kama puto, vilivyojazwa gesi na kuendeshwa kwa injini. Mwanamke wa kwanza, Mmarekani Ellen Church, alifuata mwaka 1930, naye kwa taaluma alikuwa muuguzi. Kubis alikuwa bado kazini tarehe 6 Mei 1937, meli ya anga ya Hindenburg ilipowaka moto ikitua Lakehurst, Marekani. Aliwahimiza abiria waruke madirishani ilipokaribia ardhi, naye akaruka, akapona. Leo mashirika yote makubwa yanaajiri wanaume na wanawake kwa usaili ule ule.

Kuhusu uzoefu, mimi ningefurahi sana kuiona fomu yako mezani pangu. Mtu anayesimama kwenye ngazi ya kivuko asubuhi, umati ukisukumana, akawatanguliza wazee na wenye watoto, akamzuia mwenye haraka bila kumtukana, anaifanya kila siku kazi ambayo wengine hufundishwa kwa wiki kadhaa. Kosa lako litakuwa kuandika "mwelekezaji wa abiria" na kuishia hapo. Andika kwamba unaongoza umati wakati wa kupanda na kushuka, kwamba unajua maboya ya kujiokolea yako wapi, na kama umewahi kufanya zoezi la uokoaji, taja ni lini na ulifanya nini. Kisha chagua asubuhi moja iliyokuwa ngumu, uikumbuke vizuri tangu kengele ya kwanza hadi mtu wa mwisho aliposhuka, na uwe tayari kuisimulia.